Deni Lililofichwa Ndani ya Mshono



Mabinti wengi visiwani sasa wanasoma kompyuta, na sisi tuliosomea cherehani huwa tunadhani kazi yao haina undugu na yetu. Hebu tumtazame mhandisi mmoja wa programu, Mmarekani aitwaye Ward Cunningham.

Alifanya kazi Tektronix, kampuni ya Oregon inayotengeneza osiloskopu, yaani vifaa vya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo. Yeye na mwenzake Kent Beck walieleza mwaka 1989 namna ya kufundisha kupanga programu kwa vikadi vya karatasi. Kila kadi ina jina la sehemu moja, kazi yake, na sehemu inazoshirikiana nazo. Watu wanakaa mezani na kuzijadili, kama sisi tunavyopanga vipande vya karatasi juu ya kitambaa kabla ya kushika mkasi.

Kutoka Tektronix alihamia kwenye programu za hesabu za fedha, na mwaka 1992 akatoa mfano unaotumika mpaka leo: deni. Programu iliyoandikwa haraka ili imfikie mteja ni kama mkopo. Mkopo mdogo unakusogeza mbele, mradi urudi upesi kuirekebisha. Usiporudi, riba inakula: kila badiliko jipya linakuwa gumu kuliko la jana.

Mshonaji gani asiyelijua deni hilo? Kumi la mwisho la Ramadhani mteja anataka dera lake la Idi. Tunashikiza pindo kwa mkono, anaondoka na furaha. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ni pindo lile kusahauliwa, maana kwa nje nguo inaonekana nzima. Siku linapofumuka, mwenyewe yuko harusini mbele ya wakwe zake.

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Allah anatuamrisha kuandika deni la muda maalumu. Aya inazungumzia mali, si mapindo. Lakini sisi tumechukua adabu yake. Kazi ikitoka bila kukamilika tunaiandika daftarini: jina, kilichobaki, siku ya kurudishwa. Mteja anaambiwa pale pale, na mwanafunzi anafundishwa asione haya kuandika.

Baada ya Idi tunakaa siku mbili bila kupokea kazi mpya, tunalipa tu. Siku hizo fedha haziingii, na kodi ya chumba haisubiri. Hata hivyo tunalipa, kwa sababu tunachouza ni uaminifu kabla ya nguo.

Dada, iwe unashona, unapika maandazi au unaandika programu, kazi ipi umeitoa imeshikizwa tu? Iandike leo, na umwambie mwenyewe kabla hajagundua.

Allah atujaalie tulipe kabla ya kudaiwa. Amin.