Tundu la Simba na Mshahara wa Mama



Mwaka 2016 majirani zetu wa Kenya walianza kuonyesha kwenye runinga ya NTV kipindi kiitwacho KCB Lions' Den. Mwenye biashara ndogo huingia chumbani, husimama mbele ya matajiri watano, hueleza kazi yake na kutaja fedha anazozitaka. Hao matajiri ndio simba. Miongoni mwao alikuwamo Wandia Gichuru, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya mavazi ya Vivo, na Darshan Chandaria wa ukoo unaojulikana kwa viwanda. Simba hakopeshi. Hutoa fedha zake mwenyewe, na badala yake huchukua hisa katika biashara.

Kipindi cha namna hii kilianzia Japani mwaka 2001, kikaingia Uingereza mwaka 2005 kwa jina la Dragons' Den, kisha Marekani mwaka 2009 kwa jina la Shark Tank. Wajapani waliwaita matajiri wao chui milia, Waingereza wakawaita majoka, Wamarekani wakawaita papa. Sisi wa Bagamoyo papa tumezoea kumwona amekaushwa kwa chumvi, hatutishiki naye sana. Lakini simba walipotajwa, akina mama wa kikundi chetu cha kanisa walimkumbuka Danieli, na tangu hapo tunakiita Tundu la Simba. Vipande vyake tunavitazama YouTube, kwenye simu ya binti wa mwenzetu, baada ya mazoezi ya kwaya.

Mwanzoni tulivutwa na machozi na vifijo. Baadaye tukaanza kusikiliza hesabu, na hapo ndipo penye faida kwa mama mwenye biashara.

Mtu akisema, "Naomba milioni 2, nitatoa asilimia 20," amekwisha kusema kwamba biashara yake yote ina thamani ya shilingi milioni 10. Simba akimjibu, "Nakupa hizo milioni 2, lakini nataka asilimia 40," ameishusha hadi milioni 5 kwa sentensi moja. Asiyejua hesabu hii hufurahi kwamba fedha alizoomba amezipata zote.

Wengi wetu tumezoea mikopo. Kuna VICOBA. Kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni za wanawake; ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Na kuna ile inayoitwa kausha damu. Sisi tulio wauguzi huwapokea waathirika wake kliniki: presha imepanda, usingizi hakuna, na ukimdadisi mama taratibu unakuta anadaiwa marejesho ya kila siku na mumewe hana habari. Hisa haina marejesho. Biashara ikilala, simba naye analala njaa. Ila mkopo una mwisho wake, na hisa haina. Ukiuza nusu leo, nusu hiyo si yako hata mwakani, hata mwanao akiirithi kazi.

Bagamoyo haikuanza leo kuwajua wenye fedha. Katika karne ya 19 Sewa Haji alifanya biashara hapa, akiiandalia misafara ya kwenda bara bidhaa na wapagazi, na sehemu ya mali yake iliacha hospitali Dar es Salaam. Jina lake bado liko kwenye jengo la Muhimbili, na wauguzi wengi wamelitaja bila kujua kwamba ni la mfanyabiashara wa mji wetu. Kwa hiyo tajiri si lazima awe mwizi. Tunasema hivi kwa sababu mwaka huu mmoja wetu amefikiwa na bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, mtu mwenye maduka, na baadhi yetu walitaka kumfukuza kabla hajamaliza chai.

Mwenzetu huyu hutengeneza sabuni ya mwani. Mwani anaununua kwa akina mama wanaoulima Mlingotini, anauanika, anausaga, anauchanganya na mafuta ya nazi. Bwana yule alimwahidi shilingi milioni 3 za vyombo vikubwa, mafuta ya akiba na gharama za kutafuta alama ya TBS, kwa maana bila alama hiyo maduka mengi hayapokei. Yeye alitaka nusu ya faida.

Tukakaa na daftari. Sabuni 300 kwa mwezi, kila moja shilingi 2,000, ni shilingi 600,000. Mafuta, kostiki soda, mwani, manukato, karatasi za kufungia na nauli ni 360,000. Zinabaki 240,000. Nusu ni 120,000, na bwana yule angerudisha milioni 3 zake kwa miezi 25.

Ndipo mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu, alipouliza swali ambalo simba huwauliza watu mara kwa mara: "Na wewe mama, unajilipa nini?"

Mwenzetu alicheka. "Nijilipe mimi mwenyewe?"

Anaamka saa kumi alfajiri kukoroga. Anakata, anafunga, anabeba. Kama angemwajiri msichana wa kazi hiyo angemlipa, na malipo hayo yangeandikwa kwenye matumizi pamoja na mafuta. Tukamwandikia mshahara mdogo tu, 120,000. Faida ikabaki 120,000. Nusu yake ni 60,000, na miezi ya kurudisha milioni 3 ikawa 50 badala ya 25. Sabuni ni zilezile, bei ni ileile. Kilichobadilika ni kama mikono ya mama imehesabiwa au imetolewa bure. Nyumbani mwetu tumezoea kuitoa bure, na kwa watoto wetu hatutazamii malipo. Mgeni mwenye nusu ya faida si mtoto wetu.

Ni kweli kwamba vyombo vikubwa vingeongeza sabuni, na hesabu ingenona kwa wote wawili. Hilo nalo tuliliandika. Tuliandika pia kwamba kupeana mikono si mwisho wa jambo. Huko Uingereza na Marekani mapatano kadhaa yaliyoshangiliwa mbele ya kamera yalivunjika baadaye, vitabu vilipokaguliwa.

Mwenzetu alimwita mumewe, wakasoma daftari pamoja usiku. Mume ni mvuvi, mtu wa maneno machache. Aliuliza jambo moja tu: kama kiwanja cha nyumba kimetajwa popote. Hakikutajwa. Basi wakaandika barua: milioni 3 kwa asilimia 40 ya faida, mshahara wa mama ukishatolewa kwanza, na haki ya kuinunua hisa hiyo baada ya miaka mitano.

Bwana yule alikuja Jumamosi. Aliisoma barua mara mbili, akauliza ni nani aliyepiga hesabu zile, kisha akaikunja akaitia mfukoni. Alisema atatoa jibu baada ya kuzungumza na mkewe.