Kwera wa Clarke na siri ya Dakatcha

Baba yangu mdogo alipokuwa akiongoza wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Gede walimjua kwa jambo moja: akikuahidi kwera wa Clarke, utamwona. Aliwaingiza msituni alfajiri mpaka kwenye mchanga mweupe unakoota miti ya mirihi, kisha akasimama tu. Kundi lilitanguliwa na kelele za ugomvi juu vileleni, ndipo dume akajitokeza: kichwa na kifua cheusi tii, tumbo la manjano makali, ananing'inia miguu juu akipekua wadudu kwenye matawi. Punde kundi limehama, wageni wanasugua shingo.

Swali lao halikubadilika. Anajenga wapi? Kwera huyu alipewa jina la kisayansi mwaka 1913, haishi popote duniani isipokuwa huku kwetu Kilifi, na yakifika majira fulani makundi hutoweka Sokoke. Baba mdogo alinyoosha mkono kaskazini, ng'ambo ya mto Sabaki, akasema, "Huko." Zaidi ya hapo hakuna aliyekuwa na la kuongeza, hata mabingwa wa ndege.

Jibu likaja Machi 2013. Bingwa wa ndege Fleur Ng'weno na wenzake, wakiwa na wenyeji wa Dakatcha, pori lililo huko huko ng'ambo ya Sabaki, walikuta kwera hao wamefuma viota kwenye ndago, juu ya maji ya kinamasi cha msimu. Ndege wa vilele vya miti, kumbe huzalia majanini! Mvua ikiwa haba kinamasi hakijai, nao huenda kwingine.

Tangu hapo siwezi kuizungumzia Sokoke peke yake. Sokoke ni msitu wa serikali, una walinzi. Dakatcha kwa sehemu kubwa ni ardhi ya wanakijiji. Mirihi yake huchomwa makaa, na mananasi yanazidi kuila. Kabla hata viota havijajulikana, kulikuwa na mpango wa kufyeka maelfu ya hekta kupanda mibono kaburi ya mafuta. Wenyeji wengi waliukataa, nao ukafa. Ungepita, sijui kinamasi kingekuwa cha nani leo.

Anayemtafuta kwera sasa namwambia aanze Sokoke asubuhi mapema, kwenye mirihi. Akitaka viota, mvua zikinyesha apite Malindi hadi Marafa, upande wa Dakatcha, atafute kijana wa kikundi cha hifadhi cha huko amwongoze, amlipe vizuri, na asiingie majini.