Kikombe kimoja tu, jamani!

Hivi nani alisema kahawa ni ya wanaume? Zunguka Bagamoyo jioni, anzia stendi, katiza Dunda mpaka Mtaa wa India, uhesabu vijiwe. Dele liko kwenye mkaa, vikombe vinagongwa, kashata kwenye sahani, na kaka zetu wamejazana kwenye mabenchi wakipanga kikosi cha Simba na Yanga utadhani wameajiriwa. Sasa tafuta dada hata mmoja pale. Humpati! Sheria iliyoandikwa haipo, ila jaribu kukaa uone macho yatakavyokugeukia. Kabla hujafika nyumbani, shangazi yako kishaambiwa.

Mimi mwenzenu kahawa naipenda tangu nikitumwa kumnunulia babu. Nikaona isiwe tabu, nitachuja yangu mwenyewe chumbani, kikombe kimoja, alfajiri kabla ya kukimbilia basi la Dar.

Na si ile ya kopo ya kukoroga, ingawa siisemi vibaya, inatoka kwetu Bukoba na imetuokoa wengi. Wala si ya kijiweni iliyochemka tangu alasiri mpaka ikawa shubiri. Hii yangu inadondoka tone kwa tone, na wala haihitaji vyombo vya kizungu vya bei mbaya.

Shika kalamu, shoga. Nunua buni zilizokaangwa, mimi napenda za Kilimanjaro au Mbinga. Twanga za siku hiyo tu, kwenye kinu kidogo, zisiwe unga bali chenga kama mchanga mnene wa ufukweni. Gramu 15 hivi zinatosha, yaani vijiko vitatu vya chakula vya kufutwa, kwa robo lita ya maji. Chukua chujio la chai, tandika ndani kitambaa safi cha marekani, liweke juu ya kikombe. Kitambaa hicho kinaoshwa kwa maji matupu, maana ukitia sabuni, kesho utakunywa sabuni.

Maji yakichemka yaepue, yaache nusu dakika. Mwagia kidogo tu, kahawa ilowe. Hapo ndipo penye raha yangu: inaumuka kama andazi, vipovu vinapanda, chumba kizima kinanukia. Ile ni hewa iliyobaki ndani ya buni tangu kukaangwa. Ikikaa kimya bila kuumuka, ujue muuzaji kakupa iliyolala dukani. Kisha mimina polepole ukizungusha, kama dakika tatu hivi. Ukimimina pwaa, unapata maji ya rangi. Anayetaka iliki atwange punje moja humo humo. Tangawizi nawaachia wazee wa kijiwe.

Eti uzungu? Kwanza aliyeanzisha kuchuja kwa karatasi ni mama wa nyumbani kama mama yako. Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, mwaka 1908 alichoka kutafuna machicha, akatoboa kopo la shaba, akaweka karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe. Akapata hati ya uvumbuzi na kampuni juu. Pili, kahawa na Bagamoyo ni ndugu. Mapadri wa Holy Ghost walipofungua misheni hapa mwaka 1868, walipanda mbegu za Bourbon kutoka kisiwa cha Réunion, na wenzao wakaipandisha bara mpaka Kilema, Kilimanjaro. Kwa hiyo mimi nikinunua pakiti ya Moshi, naona mjukuu karudi kwao.

Shangazi hakuelewa. Alilala kwangu siku moja, akaniona nimekaa na kikombe changu gizani, akauliza, "Mwanangu, kuna msiba?" Maana kwetu mwanamke na kahawa wanakutana matangani. Nikamwambia hakuna msiba, shangazi, najikumbuka tu. Akanitazama wee, halafu akaomba aonje. Alikunja uso, akamaliza.

Kazi ipo kwa mchumba wangu. Yeye anasema, tena mbele ya dada zake, "Mwanamke anayejichujia kikombe kimoja, nyumba ya watu wawili ataiweza?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Huyu bwana kila jioni baada ya magharibi yuko kijiweni, vikombe vitatu, vinne, mpaka saa nne, na hajawahi kuniletea hata kashata. Hakuna anayemuuliza kama nyumba ataiweza. Mimi ni dakika tano tu, kabla ya basi, kabla ya bosi, kabla ya simu za ndugu wanaoomba nauli. Siku nzima iliyobaki ni ya watu.

Nimemwambia kwa heshima, akiwa peke yake: tukioana, chake nitachuja, tena kwa moyo, ila chujio ni dogo, linatoa kikombe kimoja kimoja, na cha kwanza ni changu. Alinyamaza. Wiki iliyopita kaja na chujio jingine, la bati, kanunua Kariakoo. Hakusema ni la nani, nami sijauliza. Mahari katoa nusu.