Marahaba, Usinisubiri

Desemba iliyopita, siku ya tatu tangu nifike Moshi, nilitoka saa kumi na mbili kasoro robo nikashika barabara ya kupanda Mweka. Umande ulikuwa bado kwenye migomba. Sijafika mbali, mama mmoja akaacha kufagia uwanja wake, akaniuliza kwa sauti ya hofu: "Mama, huko utokako ni salama?" Mwanamke wa miaka 48 hakimbii hivi hivi. Akionekana anakimbia, kuna msiba au kuna mwizi. Nikamjibu ni mazoezi tu. Akashusha pumzi: "Haya mama, pole na mazoezi."

Sheffield, Uingereza, ninakoishi mwaka wa kumi na sita sasa, hakuna anayenipa pole. Jumamosi saa tatu asubuhi tunakutana bustanini kwa parkrun, kilomita 5, bila kiingilio. Mbio hizi zilianzia London mwaka 2004 na watu 13 tu. Matokeo yakitoka, pembeni ya jina langu kuna kundi la umri, halafu asilimia. Asilimia hiyo hupima muda wangu dhidi ya muda bora wa mwanamke wa umri wangu. Nilipokuwa na miaka 38 nilimaliza kwa dakika 22, nikapata asilimia 69. Mwaka huu nimetumia dakika 23, nikapata 72. Yule niliyekuwa zamani ananiacha kwa dakika nzima, na bado nimemshinda. Siku nyingine joto la ukomo wa hedhi huniamsha saa nane za usiku na silali tena, lakini nikiikumbuka namba ile navaa raba natoka.

Ila namba peke yake isingenitosha. Kilichonishika hasa ni mbio za nyika za msimu wa baridi. Kule mwanamke huingia kwenye maveterani akifika miaka 35, na katika ligi yetu nafasi za wakimbiaji wa klabu hujumlishwa: jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo hata ukiwa wa 60 au wa 70, nafasi moja utakayoipigania mwishoni inaweza kuibeba timu. Januari tope lilinifika kwenye vifundo vya miguu. Wasichana wawili wa chuo wakanipita, mmoja kila upande, kiwiko kikanigonga mbavuni, wala hakuna aliyesema samahani. Niliumia, na nilifurahi. Walinipita kama wanavyompita mshindani. Kwenye mlima wa mwisho mmoja wao akachoka, nikamfikia. Halafu bibi wa miaka 61 akatupita wote wawili, mwendo wake uleule, macho mbele.

Nyumbani Moshi mambo ni mengine. Watoto wanaoenda shule: "Shikamoo mama!" Vijana wa bodaboda kijiweni: "Shikamoo mama!" Na shikamoo haiachwi bila jibu. Kwenye mlima wa Mweka neno "marahaba" linakula pumzi nzima, na asubuhi ile nililitoa labda mara arobaini. Nalipenda. Hakuna mtaa wa Sheffield unaonipokea hivyo. Lakini nimekuja kuona kwamba heshima ileile ndiyo inayonitoa mashindanoni. Kijana atashindanaje na mtu aliyemwamkia?

Nilikwenda pia Dar, nikakimbia na klabu ya jogging ya wifi yangu kule Temeke. Alfajiri ya Jumapili, fulana za rangi moja, filimbi, na nyimbo za kuitikiana kama za mchakamchaka wa shule ya msingi. Mwendo ni wa wimbo, na hakuna anayeachwa nyuma. Nilimaliza kilomita 12 bila kutazama saa hata mara moja, jambo ambalo Uingereza sijawahi kulifanya. Lakini baada ya hapo likaja bonanza. Vijana wakapangiwa mbio. Sisi akina mama tukapangiwa kuvuta kamba na kufukuza kuku. Nilivuta kamba kwa nguvu zangu zote, huku macho yakiwa kule walikokuwa wakijipanga vijana.

Wapo wanaoniambia mwili wa mtu mzima hautaki kushindana. Mimi huwatajia Edna Kiplagat wa Kenya, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013. Aprili 2024 alimaliza wa tatu Boston, nyuma ya Hellen Obiri na Sharon Lokedi, akiwa na miaka 44. Kwake mbio ni kazi, na hapo ndipo kwetu tunapokwama. Anayekimbia kwa riziki huacha riziki ikikatika. Asiyekimbia kwa riziki hana pa kushindania. Natamani bonanza za mitaani ziweke mbio moja tu ya waliotimiza miaka 45. Iwe mita 1500, umbali ambao Filbert Bayi wetu aliuwekea rekodi ya dunia Christchurch mwaka 1974. Muda upimwe, usomwe pamoja na majina kwenye kipaza sauti kama wa vijana. Kuku wabaki bandani siku hiyo.

Asubuhi ya mwisho kabla ya kusafiri nilipanda tena Mweka. Nikasikia hatua nyuma yangu, nyepesi, za mtu anayejua kukimbia. Kijana wa miaka kumi na saba hivi, peku, viatu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Badala ya kupita akapunguza mwendo, akawa ananisindikiza kama mgeni anayepelekwa stendi. Tukaenda hivyo kidogo. Nikamwambia: "Mwanangu, usinisubiri. Nenda."

Akanitazama usoni, kuhakikisha sijakasirika, kisha akaondoka. Nilimwachia hatua kama ishirini, nikaanza kumfuata. Alipofika kwenye kona akageuka, akaniona bado nipo, akaongeza mwendo.