Rutabo, kijiji kilichokuwa jimbo



Darasani tumesoma kwamba kwa Aristotle, mahali ni mpaka wa ndani wa kile kinachokizunguka kitu. Nimejaribu kuipima Rutabo kwa maana hiyo, imenishinda.

Ukitoka kwetu Kagoma, ambako wengi wanapajua kwa sababu tu ya barabara ya kwenda Lusahunga, Rutabo iko juu, upande wa Kamachumu, wilayani Muleba. Nyumba zimezungukwa na migomba na mibuni. Nje ya vibanja ni rweya, nyasi tupu. Hapo ndipo Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukongo hukohuko Kamachumu, alipoanza utume wake wa uaskofu mwaka 1952. Mwaka 1953 pakawa jimbo kamili. Tarehe 28 Machi 1960, Papa Yohane wa XXIII alipomfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati zetu, aliyesimama Roma alikuwa Askofu wa Rutabo! Haikuisha miezi mitatu, makao yakawa Bukoba na jina la Rutabo likatoka katika orodha ya majimbo. Tusishangae sana. Nazareti yenyewe haitajwi hata mara moja katika Agano la Kale.

Alipofariki Desemba 1997, Kardinali alizikwa kwanza nje ya Kanisa Kuu. Mwaka 2012, baada ya ukarabati wa Kanisa Kuu la Bukoba, mwili wake ulihamishiwa huko. Sina ubishi na uamuzi huo: kardinali ni wa wote, na Bukoba kila mtu anafika. Lakini Mhaya anajua uzito wa kuhamisha kaburi. Kwetu kaburi ndilo hati ya kibanja. Ukiuliza shamba ni la nani, unaonyeshwa waliolala chini ya migomba.

Jambo hili limenigusa zaidi mwaka huu, kwa kuwa ukoo wetu unagawana kibanja cha babu. Nimeambiwa frateri hana haja ya fungu. Baba mdogo aliniambia kwa upole, “Mwanangu, wewe utazikwa na mapadre.” Ni kweli, na nimeridhika. Nimeomba moja tu: sehemu yenye kaburi la babu na bibi isiuzwe, hata mnunuzi akileta fedha nyingi namna gani.

Bado wanashauriana.