Ufunguo wa Chumba cha Katekisimu

Pakitajwa ugonjwa ulioletwa na wasafiri, wengi wetu hukimbilia neno moja: kufunga. Mpaka ufungwe, bandari ifungwe, njia ifungwe. Sisi tuliofundisha katekisimu Bibokoboko wakati wa Korona tulilipenda mno neno hilo.

Tarehe 10 Machi 2020 Kinshasa ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa nchi yetu, mtu aliyefika kwa ndege kutoka Ufaransa. Siku chache baadaye makanisa na shule zikafungwa. Tarehe 24 Machi Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura. Na kabla ya mwezi kwisha virusi vilikuwa vimefika Bukavu. Hofu yetu ilikuwa na sababu. Agosti 2019 Ebola ilikuwa imeonekana Mwenga, kwa jirani zetu, kwa mama na mtoto wake waliotoka Beni. Ng'ambo ya ziwa, serikali ya Tanzania iliacha kutangaza hesabu ya wagonjwa mwishoni mwa Aprili 2020, na boti za mizigo ziliendelea kutia nanga Baraka.

Mwezi wa Mei kijana mmoja wa jumuiya yetu alirudi kutoka Kigoma kwa boti kama hiyo, akapanda milima kwa miguu hadi kwetu. Alikuwa akikohoa. Muuguzi hakuomba mengi: nyumba moja ya kumtenga kwa siku 14, chakula, maji na sabuni, kisha majina ya wote waliosafiri naye, ili nao waangaliwe. Alitueleza kwamba virusi huweza kukaa mwilini siku kadhaa kabla ya homa kuonekana, na kwamba mgonjwa anayejulikana alipo si wa kuogopwa kama yule asiyejulikana. Nyumba ilikuwako: chumba chetu cha katekisimu, kitupu tangu makanisa yafungwe. Ufunguo tulikuwa nao sisi, mfukoni.

Tulikataa. Tulitaja hata kitabu cha Walawi, habari ya mkoma akaaye nje ya kambi, kana kwamba hatukuwahi kuwafundisha watoto kuwa Yesu alinyosha mkono akamgusa mkoma. Kijana aliteremka jioni ile ile, mvua ikinyesha, pasipo kutaja jina la abiria hata mmoja.

Habari ilishuka pamoja naye. Tangu wiki ile, waliotoka Uvira au ziwani walianza kuingia usiku kwa njia za mashambani, na jamaa zao wakawaficha. Muuguzi alikuwa akiandika wasafiri katika daftari. Kurasa zikabaki nyeupe. Wengine walisema ugonjwa umekwisha. Sisi tulijua vema kwa nini kurasa zilikuwa nyeupe.

Mwezi wa Juni tulimpelekea muuguzi ule ufunguo. Ndoo yenye bomba ikawekwa mlangoni, na mama za jumuiya wakapanga zamu ya kupika. Chakula kiliachwa juu ya jiwe, nao wakarudi nyuma hatua kadhaa. Lakini hawakuondoka, walikaa wakizungumza na mgeni kwa mbali, jambo ambalo hakuna aliyewaagiza. (Tunadhani mazungumzo yale yalifanya kazi kuliko ndoo yetu.) Wa kwanza kukaa humo alikuwa mama mfanyabiashara. Alikuja mchana.

Oktoba 2021 vita vilitushusha sisi nasi Baraka, wageni wenye mizigo kichwani. Kijana yule yuko huku, anauza ndagala sokoni. Kikohozi chake, tulisikia baadaye, kilikwisha baada ya siku chache, hakuna aliyempima. Hutusalimu kwa heshima, "Jambo, mwalimu," akatuchagulia ndagala waliokauka vizuri. Mara tatu tumekwenda na maneno ya kumwomba radhi, na mara tatu tumelipa ndagala, tukaondoka.