Moto Upo au Haupo?

Wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi wetu wa Jumamosi, hita ya gari haina jiko lake. Joto linalotoka kwenye dashibodi ni joto la injini. Maji yanayopoza injini hupita kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa ipite kwenye rejeta hiyo mpaka ndani ya gari. Feni ikifa, injini inakuwa ya moto huku ninyi mmekaa mnatetemeka. Na ni feni hiyo hiyo inayopuliza ubaridi wa eisii. Kwa hiyo hata ndugu zetu wa Muscat na Dar es Salaam, ambao huenda hawajawahi kuwasha hita maishani mwao, wanaitegemea.

Hapa Minnesota feni si anasa. Mwezi wa Januari, pumzi za watu wanne zinatosha kukiziba kioo cha mbele kwa ukungu, na ukungu huo huganda. Feni ya gari letu, sedani ya mwaka 2004, ilipokufa, watoto walikosa shule hii Jumamosi mbili. Gereji moja ilitaka dola 380. Nikaamua tuitafute hitilafu wenyewe, mimi na binti yangu mwenye miaka 12.

Tulianza na dalili, kabla ya kushika bisibisi. Mshale wa joto la injini ulikuwa unapanda vizuri, lakini upepo hautoki kwenye namba yoyote ya swichi. Kama upepo ungetoka wa baridi, tungeshuku maji ya rejeta au thamostati. Kama ungetoka kwenye namba ya juu peke yake, tungeshuku rezista. Hiki ni kifaa kidogo kinachopunguza umeme kwenye namba za chini; kikiungua, namba za chini hufa na ile ya mwisho hubaki, kwa sababu yenyewe haipiti humo. Sisi namba zote zilikuwa kimya. Tukachomoa fyuzi ya feni, tukaitazama kwenye mwanga. Uzi wake ulikuwa mzima.

Ikabaki kupima kwenye plagi ya feni yenyewe. Kwenye gari letu iko chini ya dashibodi, upande wa abiria. Nikalala chali, kichwa miguuni pa kiti, nikaichomoa plagi na kuingiza ncha za mita ya umeme, moja kila tundu. Binti yangu alikaa kwenye usukani na mita mkononi. Nikamwambia afungue swichi ya gari bila kuwasha injini, aiweke feni namba ya mwisho. Mafundi wa kwetu huuita umeme "moto", na mimi nikauliza kama wao:

"Hakuna moto?"

"Hapana."

Kazi ikasimama hapo. Kwa Kiswahili changu, ukiulizwa "Hakuna moto?" ukajibu "Hapana", umenipinga: moto upo. Kwa Kiingereza anachosoma yeye siku tano za wiki, neno hilo hilo linakubali: ni kweli, hakuna. Na majibu hayo mawili yanaongoza kwenye matengenezo mawili tofauti. Moto ukiwa umefika kwenye plagi na feni haizunguki, feni imekufa. Moto usipofika, huenda feni ni nzima, na ugonjwa uko nyuma yake, kwenye swichi, rilei au waya. Feni mpya ilikuwa dola 62, na zote zilikuwa zinaning'inia kwenye neno moja.

"Moto upo au haupo?"

"Upo, Baba. 12.3."

Tangu hapo tukawekeana sheria: hakuna kujibu "ndiyo" wala "hapana". Sentensi nzima. Nikarudisha plagi, nikaigonga mota polepole kwa mpini wa bisibisi. "Inazunguka!" akapiga kelele. Kisha: "Haizunguki tena." Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Mota inayoamka kwa kugongwa na kulala tena, mara nyingi kaboni zake zimekwisha, yaani vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka.

Feni mpya ilipofika tulizima gari, tukatoa waya wa hasi wa betri, tukashusha kisanduku cha mbele ya abiria. Nilimwonyesha nyaya zenye plagi za manjano nikamwambia hizo haziguswi, ni za mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Feni ilishikwa kwa skrubu tatu tu. Ilipodondoka mkononi ilikuja na majani makavu yaliyoingia kupitia matundu ya chini ya kioo. Tuliyaondoa yote, tukailinganisha feni mpya na ya zamani, plagi kwa plagi, tundu kwa tundu. Tukaikagua plagi ya gari pia, maana ikiwa imeyeyuka kwa joto, feni mpya haitadumu. Kisha tukaijaribu kabla ya kufunga kisanduku. Kazi yote ilituchukua chini ya saa mbili, na upepo ukatoka kwenye namba zote nne.

Ninayaandika haya kwenye jarida letu kwa sababu ya yale niliyoyasikia nikiwa chini ya dashibodi. "Waya umelegea." "Skrubu mbili zimeingia, ya tatu haijaingia." "Kisanduku hakifungi." Ni ngeli zile zile zinazomtoa jasho kwenye daftari la mazoezi. Alipokosea, sikumsahihisha, nilikuwa sioni anachokiona, kwa hiyo nilimuuliza tena mpaka nikaelewa, naye akajirekebisha mwenyewe.

Wengi wetu tunalalamika kwamba watoto wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza. Tuangalie tunawaambia nini. Njoo ule. Vaa koti. Zima simu. Kalale. Maneno hayo hayahitaji jibu. Mtoto akitikisa kichwa, mazungumzo yamekwisha. Kiswahili cha nyumbani kimekuwa lugha ya amri, na mtu hajifunzi kusema kwa kuamriwa. Kazi ya mikono ni tofauti. Inataka jibu, na jibu lenyewe liwe sahihi, kwa sababu kuna fedha, kuna baridi, na kuna mtu anayelisubiri.

Si lazima liwe gari. Bomba la jikoni linalovuja litafaa, na cherehani inayokata uzi pia. Kitu kikiharibika tena nyumbani kwako, mwite mtoto, lakini usimpe tochi tu akusimamie. Mpe mita, au umweke mahali anapoona usipoona wewe. Kisha umuulize swali ambalo mwenyewe hulijui jibu lake.